Jibu: Mama anaitwa mbele ya jaji wa Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani), ajiandae vipi?
Pole dada, na hongera kwa kumsimamia mama. Kwa kuwa rufaa yake ya malipo ya ulemavu inasikilizwa mwezi ujao hapa Marekani, anza na karatasi za hospitali: jaji anatakiwa kuzipata, au kuarifiwa kuwa zipo njiani, angalau siku 5 za kazi kabla. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema. Ni bure, usijitwike wewe mwanawe kazi hiyo.

Lakini kubwa ni namna atakavyojibu. Wazee wetu wakiulizwa hali husema "nzuri, namshukuru Mungu". Baba yangu alijibu hivyohivyo, na jaji akaandika. Ilibidi wakili amuulize upya: jikoni unaweza kusimama dakika ngapi? Ndipo akaeleza kwamba ugali anausonga ameketi, na sufuria huepuliwa na mjukuu. Maelezo ya aina hiyo ndiyo yanayotakiwa, dada.

Mara nyingi huwapo pia mtaalamu wa ajira, anayeulizwa kama ipo kazi ambayo mtu wa hali hiyo anaiweza. Msikilizeni kwa makini, mna haki ya kumhoji. Kama hamna wakili, tafuteni sasa. Wengi hulipwa mkishinda tu.