Msiliamini Sikio: Kwa Wanaoanza Kuchunguza Asili ya Maneno ya Ndoa na Uzazi

Ninyi mnaoanza kuchunguza asili ya maneno ya Kiingereza, adui yenu wa kwanza ni sikio. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliandika daftarini kwamba wedlock, yaani hali ya kuwa katika ndoa, ni ahadi iliyounganishwa na kufuli (lock), na picha ya watu wawili waliofungiwa ndani ikanifurahisha kiasi cha kutotaka kuihakiki. Ahadi ilikuwa sahihi, kwa maana wedd katika Kiingereza cha Kale ni rehani au ahadi, na ndilo lililozaa wedding. Kufuli nililitia mimi. Umbo la kale ni wedlāc, ambamo -lāc ni kiambishi tamati cha kutaja tendo, wala hakina udugu na kufuli lolote. Tangu hapo siandiki maelezo kabla sijaliona umbo kongwe kabisa lililohifadhiwa katika maandishi.

Waingereza wenyewe nao walidanganyika. Bwana harusi wao aliitwa brȳdguma, yaani bibi harusi na guma, lililomaanisha mwanamume. Guma lilipotoweka katika usemi, watu wa karne ya 16 wakaweka mahali pake groom, kijana mtumishi, na ndivyo bridegroom alivyopatikana. (Baadaye groom likawa pia jina la mtunza farasi, jambo ambalo mabwana harusi hawana haja ya kuambiwa.)

Katika uzazi, angalieni midwife. Wanafunzi wengi husoma mid kama “katikati” na wife kama “mke”, kisha hukwama. Mid hapa ni “pamoja na”, sawa na mit ya Kijerumani, na wife zamani lilimtaja mwanamke yeyote, awe ameolewa au hajaolewa. Kwa hiyo mkunga ni mwanamke aliye pamoja na mama wakati wa kujifungua.

Umbo la kale, hata hivyo, halitoshi pasipo historia. Mtasikia kwamba upasuaji wa uzazi uliitwa Caesarean kwa sababu Julius Caesar, jemadari na mtawala wa Roma ya kale, alizaliwa hivyo. Zama hizo upasuaji huo ulifanywa kwa mama aliyekwisha kufa au aliyekuwa akikata roho, ilhali mama yake Caesar, Aurelia, alifariki mwaka 54 KK, mwanawe akiwa jemadari mzima anayepigana vita huko Gaul, nchi ambayo leo kwa sehemu kubwa ni Ufaransa.