Sio kila uvimbe ni kansa, na kansa nyingine haina uvimbe. Mkuu mpeleke shemeji akatolewe kinyama

Mkuu uliyeleta uzi, pole sana wewe na shemeji. Nimesoma yote, umesema ana kiuvimbe titi la kushoto saizi ya karanga, hakiumi, dokta kataka achukuliwe kinyama kikapimwe, ila mama mkwe wako kagoma kabisa eti kansa ikiguswa na chuma ndo inasambaa. Na hapo juu kuna wadau wawili wameshakushauri aanze na mizizi kwanza. Mimi sio daktari, mimi ni fundi friji, ila kwenye ukoo wetu vivimbe tumevijua vya kila namna mpaka nimekuwa kama nimesomea, kwahiyo acha nimwage kwa urefu, atakayechoka aruke.

Naanza na mimi mwenyewe. Nilikuwa na kinundu mgongoni karibu na bega, laini, ukikibonyeza kinateleza chini ya ngozi kama punje ya zabibu, nimekaa nacho miaka mitano naogopa hata kumwambia wife. Siku nimejikaza nimeenda, wamenichoma ganzi ya pale pale, nusu saa kimetoka, nikarudi nyumbani na daladala. Yule dokta akaniwekea kwenye kidishi cha chuma niangalie, kitu cha njano kama mafuta ya kuku, kimezungukwa na kigozi chembamba pande zote kama embe na ganda lake. Akaniambia unaona hiki kigozi, hii ndo tofauti, huu uvimbe una mpaka, unakua taratibu unasukuma wenzake pembeni ila hauwaingilii. Kansa haina ganda, inatambaa inaingia kwenye nyama ya jirani na ikipata mshipa wa damu au njia za kwenye matezi inasafiri ikapange chumba sehemu nyingine. Baadae ustadhi mmoja mtaani akanipa ya nyongeza, kwamba neno saratani kwa Kiarabu ni kaa, huyu huyu kaa wa baharini mwenye miguu. Aliyelitoa hilo jina alikuwa ameuona ugonjwa.

Ila msije mkasema basi ukiambiwa sio kansa unarudi kulala. Dada yangu alikuwa na fibroidi kwenye kizazi, ule uvimbe wanawake wengi wanakuwa nao na ni nadra mno kuwa kansa, lakini tumbo lilifika kama mimba ya miezi mitano, kila mwezi anatoka damu ya mabonge mpaka akaanguka bafuni, kupimwa wingi wa damu ni 5, akaongezewa chupa mbili kabla hata ya kupangiwa upasuaji. Kansa hana lakini nusura tumzike. Hivyo hivyo uvimbe wa kichwani, unaweza usiwe kansa ila fuvu halitanuki, ukikua unabana ubongo, mtu anaanza kuumwa kichwa asubuhi, kutapika, macho kufifia, kifafa cha ukubwani, watu wanasema karogwa.

Sasa nije kwa mama mkubwa, ndo hasa nilichokuja kukuandikia.

Alianza hivi hivi kama shemeji. Kiuvimbe kama harage, hakiumi, na kwasababu hakiumi akajua sio kitu, hapo ndo pa kwanza tulipopigwa, uvimbe wa kansa ya titi mara nyingi mwanzoni hauumi. Akaambiwa kinyama, majirani wakamwambia maneno hayo hayo ya mama mkwe wako, kuna mtu alitolewa kinyama baada ya miezi miwili akafa. Inawezekana kweli alikufa, ila alikufa kwasababu alienda kupimwa ilishafika kwenye ini, sio kwasababu ya sindano. Mama mkubwa akaanza dawa za kunywa na za kupaka, miezi tisa. Kuja kumuona Desemba nimeenda likizo, chuchu imezama ndani, ngozi ya titi imekuwa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa, na kwapani kuna kitezi kigumu hakisogei. Yeye ananiambia mwanangu dawa inafanya kazi, uvimbe unavutwa nje.

Kinyama chenyewe kilichukuliwa kwa sindano nene kidogo, dakika kumi, vijinyama vitatu vyembamba kama tambi vikawekwa kwenye kichupa cha fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze), na nikakabidhiwa mimi nikipeleke mjini maana pale hakuna maabara ya kusoma. Nimesafiri na kile kichupa masaa saba nimekifunga kwenye gazeti ndani ya mfuko wa rambo nimekipakata mapajani, konda anauliza kaka hiyo asali? Nikamwambia ndio. Majibu hospitali moja (siitaji) wakayapoteza, nenda rudi wiki sita, mwisho mhudumu mmoja akayakuta kwenye faili la mtu mwingine. Ndo maana nawaambia watu siku hizi, ukipewa majibu ya kinyama piga picha kwenye simu hapo hapo kabla hujainuka kwenye kiti.

Na kinyama hakisemi kansa au sio kansa tu. Kinasema ni aina gani, ina ukali gani, na kwa titi inabidi wapime na vipokezi vya homoni na protini moja inaitwa HER2, hivyo ndo vinaamua atumie dawa gani. Ya mama mkubwa ilikuwa inakula homoni ya kike, kwahiyo baada ya kemo (dawa kali za kuua kansa), kukatwa titi na mionzi akawekwa kwenye vidonge vya tamoxifen, kimoja kila siku. Mtu mwingine mwenye kansa ya titi hiyo hiyo asingepewa hivyo vidonge maana visingemsaidia kitu. Kwahiyo anayekwambia ana dawa moja ya kansa zote, muulize kansa ipi.

Mionzi alipigiwa Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, na mimi ndo nilikuwa msindikizaji, wiki tano pale kwenye jengo la Wajerumani upepo wa bahari unapiga, na kwenye lile benchi nimejifunza kuliko shule. Wengi kabisa ni wamama wa kansa ya shingo ya kizazi. Wanasimulia kitu kimoja, damu baada ya kukutana na mume, uchafu wenye harufu, halafu mgongo kuuma na mguu mmoja kuvimba, na ikizidi inabana mirija ya mkojo figo zinafeli, mara nyingi ndo inavyoua hiyo. Inaniuma maana hii chanzo chake kinajulikana, kirusi cha HPV, na inachukua miaka mingi kabla haijawa kansa, kipimo chake wanapaka siki tu kwenye shingo ya kizazi, sehemu mbovu inageuka nyeupe, inagandishwa siku hiyo hiyo unaenda nyumbani. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima 2018 kwa mabinti wa miaka 14, sasa hivi ni kuanzia miaka 9 na ni sindano moja, kama una binti na umekatazwa kwenye grupu la WhatsApp achana nao.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kaskazini, ana kansa ya umio, ile njia ya chakula. Alianza kukwama kwenye nyama, akawa anasukumia na maji, akahamia ugali laini, uji, mpaka siku mate yenyewe hayapiti anatemea kwenye kopo. Kakonda mkanda wa suruali kautoboa matundu mapya manne kwa msumari, niliyahesabu. Hii kansa ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki iko juu sana, sigara na pombe kali zinachangia na vinywaji vya moto sana navyo wataalamu wamevitilia mashaka, mzee mwenyewe anasema chai alikuwa anainywa inatoka jikoni inachemka. Walimwekea kibomba cha waya humo kooni ili apate kumeza.

Mwingine mzee alikuja kwa kigari, miguu imekufa ganzi, katibiwa mgongo mwaka mzima kwa dawa za kuchua kumbe ni kansa ya tezi dume imeshahamia kwenye uti wa mgongo. Na hapa watu wanachanganya, tezi dume kuvimba kwa uzee ni kitu cha kawaida na sio kansa, zote zinabana mkojo, ila hii ya kansa inapenda mifupa. Na ikihamia mfupani bado inaitwa ya tezi dume inatibiwa kama ya tezi dume. Mama mkubwa pia ilimrudia kwenye pingili za mgongo, wakasema ni ya titi ile ile imehama nyumba.

Kuna kijana mwenye ualbino alikuwa na kidonda sikioni cha miaka miwili, kansa ya ngozi ya jua. Na mtoto mdogo taya limevimba upande mmoja meno yameachana, mama yake anasema wiki tatu nyuma alijua ni jino. Hiyo ni kansa inayoitwa ya Burkitt, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt 1958 alipokuwa Uganda, inahusishwa na kirusi cha Epstein-Barr pamoja na malaria za mara kwa mara, inakua haraka ya kutisha, siku mbili tatu imeongezeka mara mbili, lakini kwa hiyo haraka yake ndo kemo inaipata vizuri, yule mtoto baada ya dozi mbili taya lilishapungua anakimbiza kunguru uwanjani.

Kansa ya damu ndo mara nyingi haina uvimbe wa kushika. Mtoto wa jirani yetu hapa, homa zisizoisha, mweupe, fizi zinatoa damu, alama za bluu mwilini kama kapigwa. Katibiwa malaria na UTI mara sijui ngapi, hakuna aliyewaza kansa maana hakuna kinundu cha kushika.

Kwa wadau wa mizizi, mimi siwatukani. Hata vinkristini, moja ya dawa alizokuwa anatundikiwa yule mtoto wa jirani, asili yake ni lile ua la pinki la Madagaska mnalopanda mlangoni. Ila wameichuja wakaipima kwa miligramu, ikizidi inaua mishipa ya fahamu, sio unachemsha sufuria unakunywa.

Mama mkubwa alifariki 2021. Aliishi miaka minne na ushee toka kinyama, minne mizuri tu, alicheza harusi ya mtoto wa kwanza wa kaka yangu. Hiyo miezi tisa ya mwanzo ndo siwezi kuisamehe.

Mkuu hujasema shemeji ana miaka mingapi. Wasichana chini ya miaka 30 mara nyingi kinakutwa ni kile kivimbe kinachochezacheza ukikigusa, sio kansa, ila hata kwa hicho utaambiwa kwa uhakika na maabara sio na mimi. Kama kikwazo ni mama mkwe, mpeleke naye. Akae pale kwenye benchi asubuhi moja aongee na wenzie. Na kama mko mkoani na sampuli inabebwa mkononi njoo inbox, nitakuelekeza nilivyopakia kile kichupa kisimwagike.