Nina madeni kila upande na notisi imefika, nijitangaze nimefilisika?

SWALI: Habari ya kazi wakili. Mimi niko Busia upande wa Uganda, nina duka la sabuni, sukari na mafuta ya kupikia. Benki inanidai milioni 38, niliweka hati ya nyumba tunayoishi, rejesho ni milioni 1.45 kwa mwezi na sijalipa miezi mitatu. SACCO milioni 9, wadhamini ni shemeji yangu na mwalimu mmoja. Kuna mtu wa riba nilichukua kwake milioni 6, asilimia 10 kwa mwezi, na alinisainisha karatasi ati nimemuuzia gari. Mikopo ya simu laki 8. Wenye maduka wa Kikuubo, lile soko la jumla la Kampala, wanaonipa mali wananidai milioni 14, na mmoja ameleta notisi kupitia wakili wake wiki iliyopita. Duka linabakisha kama milioni 2.4 kwa mwezi, nyumbani tunatumia 1.3. Nina kiwanja kitupu, watu wanasema kinaweza kufika milioni 22. Rafiki yangu ananishauri nikiandike jina la ndugu yangu alafu niende korti nijitangaze nimefilisika, yote yafutwe. Ni kweli? Na kama sio kweli nipange vipi kulipa?

JIBU: Asante ndugu yangu kwa kuweka hesabu wazi, wengi wananiandikia tu "nina madeni mengi wakili nisaidie" na hapo sina pa kuanzia.

Tuanze na hio notisi manake ndio inakimbia na siku. Isome vizuri. Kama ni barua ya kawaida ya wakili kwamba usipolipa atakushitaki, hio una nafasi ya kuongea. Lakini kama imetolewa chini ya sheria ya ufilisi, ile ya 2011, basi una siku 20 za kazi tangu uipokee. Zikiisha hujalipa wala hujakubaliana na mdai, sheria inachukulia kwamba huwezi kulipa madeni yako na yeye anaweza kwenda korti kuomba utangazwe umefilisika, wewe ukiwa hujajipanga kabisa. Na kama hesabu yake sio sahihi unaweza kuomba korti iitupe, ila hilo linafanywa mapema, usikae nayo mezani mpaka siku ya mwisho.

Sasa habari ya kufutiwa. Rafiki yako amesikia nusu. Korti ikitoa amri kwamba umefilisika, mali yako inatoka mkononi mwako inaenda chini ya ofisi ya serikali inayosimamia ufilisi, iko ndani ya URSB, ile ofisi ya kusajili biashara, baadaye chini ya msimamizi atakayewekwa, na yeye ndiye anauza na kugawia wadai. Unabaki na vifaa unavyohitaji kwa kazi yako, nguo, matandiko na vitu vya lazima vya familia. Benki yenye hati ya nyumba bado ina nyumba. Shemeji na yule mwalimu bado wanadaiwa na SACCO, kwa sababu korti ikikuachilia wewe kutoka kwenye ufilisi haimwachilii mdhamini, na hapa ndipo naona watu wanapoteza ndugu. Na ukishatangazwa, bunge pia hugombei mpaka uachiliwe, katiba inasema hivyo, ingawa nadhani saa hii hio sio shida yako kubwa.

Kiwanja usikiandike jina la ndugu yako. Nasema hivi kwa ukali kidogo kwa sababu kila mtu anafikiri yeye ndiye wa kwanza kubuni hio mbinu. Mali uliyomhamishia ndugu bure au kwa bei ya kutupa wakati ulikuwa tayari umeshindwa kulipa, msimamizi anaweza kuirudisha kupitia korti, na hapo umeshapoteza kitu kimoja ulichokuwa nacho cha kuongelea na wadai, yaani kuaminika. Hicho kiwanja ndicho kitakuokoa, ntakuonyesha.

Kosa ninaloliona kwenye hesabu yako, na karibu kila mfanyabiashara analifanya, ni kulipa yule anayepiga kelele zaidi. Mtu wa riba anakuja dukani anakaa kwenye kiti anangoja, unampa laki 6 ya riba, deni linabaki milioni 6 vile vile, na mwezi huo benki haipati kitu. Kelele sio kipimo. Jiulize huyu nisipomlipa anaweza kuchukua nini, na kutoka kwa nani. Benki inachukua nyumba, SACCO inachukua kwa wadhamini, wa Kikuubo hawana dhamana kwa hio inabidi wapite korti, na huko wanaweza hata kuomba ufungwe kama mfungwa wa madai, sheria inataja hadi miezi 6, na ukitoka deni liko pale pale. Wa simu wanakuharibia jina kwa CRB, wale wanaotunza rekodi za wakopaji.

Mtu wa riba anahitaji maneno zaidi. Kwanza uliza leseni yake, wakopeshaji fedha wanasimamiwa na UMRA, mamlaka ya serikali ya mikopo midogo, chini ya sheria ya 2016. Pili, mwishoni mwa 2024 serikali iliweka kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi kwa wakopeshaji hao. Kwa milioni 6 hio ni 168,000, sio laki 6, kwa hio kama ulikopa baada ya hapo kuna mazungumzo makubwa ya kufanya, na tafuta risiti za yote uliyomlipa hata meseji za mobile money. Hio karatasi ya kuuza gari ni mchezo wa zamani hapa kwetu, mkopo unavalishwa nguo za mauzo, ila korti inaangalia kilichotokea kweli: pesa iliingia lini, gari lilibaki kwa nani, riba ililipwa vipi. Kama alichukua kitambulisho chako au ATM, kanuni zimemkataza, dai akurudishie.

Sasa mpango wenyewe. Kabla ya kufilisika sheria ile ile inakupa mlango mwingine, mpango wa makubaliano na wadai. Unamtafuta mtaalamu wa ufilisi aliyesajiliwa, anakuwa wakili au mhasibu au katibu wa kampuni, mnaandika pendekezo, unaomba korti amri ya muda ya kukulinda ili watu wasikamate vitu wakati mnaongea, alafu wadai wanaitwa mkutano wanapiga kura. Ukipita unawafunga hata wale waliokataa, isipokuwa mwenye dhamana kama benki, huyo hafungwi bila yeye mwenyewe kukubali. Ndio maana benki unaenda kuiona kabla ya wengine.

Hesabu yako: 2.4 toa 1.3 unabaki na milioni 1.1, na rejesho la benki peke yake ni 1.45. Banange, hata ukiacha wengine wote haitoshi, kwa hio usiahidi mtu yeyote "mwezi ujao". Omba benki irefushe muda rejesho lishuke mpaka kama laki 7 na nusu, na uwaambie malimbikizo ya miezi mitatu, milioni 4.35, yatatoka kwenye kiwanja. Kiuze wewe mwenyewe kwa bei ya soko, kwa maandishi, wadai wote wakijua. Tuseme baada ya dalali, korti na ada ya mtaalamu inabaki milioni 18. Toa malimbikizo ya benki, una 13.65. Wasio na dhamana jumla yao ni milioni 29.8 (SACCO, mtu wa riba, simu, Kikuubo), kwa hio siku ya kwanza unawapa karibu asilimia 46, kila mtu kwa kiwango cha deni lake. Alafu kutoka ile 1.1 ukitoa 750,000 ya benki unabaki na 350,000, mara miezi 36 ni milioni 12.6. Jumla wanapata milioni 26.25, asilimia 88, bila kuhesabu riba.

Wa Kikuubo watauliza kwa nini benki ipewe pesa ya kiwanja wakati kiwanja hakiko kwenye dhamana yake. Jibu ni kwamba nyumba ikiuzwa kwa mnada kwa bei ya chini na isitoshe, ile pengo benki inakuja kujiunga nao kwenye foleni, na kila mmoja fungu lake linapungua. Wafanyabiashara wanaelewa hesabu hio haraka kuliko mawakili. SACCO kaa nao pamoja na wadhamini wako, iandikwe kwamba hawatafuatwa mradi unalipa.

Na benki ikikataa kabisa? Bado una muda. Lazima ikupe notisi ya siku 45 za kazi urekebishe, alafu nyingine ya siku 21 za kazi kabla ya kuuza, hio inakaribia wiki 13, tumia hizo kutafuta mnunuzi wako mwenyewe wa nyumba badala ya kungoja mnada. Kumbuka pia ukienda korti kusimamisha mnada unaweza kuambiwa uweke asilimia 30 ya thamani ya mauzo ya haraka. Na kwa kuwa ni nyumba ya familia angalia kama mke wako alisaini kukubali rehani, kama saini yake haipo hio ni kesi tofauti kabisa.

Wiki hii usikope popote, hata ile ya simu ya elfu hamsini. Beba notisi, mkataba wa benki, karatasi ya gari, daftari la SACCO na statementi za mobile money za mwaka mzima, URSB wanayo orodha ya wataalamu waliosajiliwa, chagua mmoja, na muulize ada yake kabla hujakaa.