Mwenye lambo, kagua tuta lako kabla ya masika

Lambo letu hapa Singida lilijengwa kwa fedha za familia, kwa ajili ya ng'ombe na bustani ya vitunguu. Kulikagua ni kazi yangu. Nawaandikia wenzangu wenye malambo binafsi kwa sababu wengi humaliza fedha zote kwenye kijiko na greda, kisha tuta huachiwa Mungu.

Tuta la udongo huuawa zaidi na mambo mawili: maji kupita juu yake na maji kupenya ndani yake.

La kwanza dawa yake ni utoro, yaani njia ya kupitishia maji yanayozidi lambo likijaa. Uwe mpana, ukae pembeni kwenye ardhi ya asili, na sakafu yake iwe chini ya kilele cha tuta kwa mita moja hivi, au zaidi kama mtaalamu atakavyopima. Kisha uachwe wazi. Nimeona watu wakipanga viroba vya mchanga kwenye utoro ili walimbikize maji ya kiangazi, wengine wakitega nyavu perege wasitoroke. Usiku wa mvua kubwa takataka huganda kwenye nyavu, maji hupanda hadi kileleni, na yakishaanza kumwagika upande wa pili hakuna jembe litakalowahi.

La pili hujificha. Tuta zima kabisa laweza kutoa unyevunyevu upande wa chini, na hilo peke yake si tatizo. Mimi huenda na chupa tupu isiyo na rangi, nakinga maji yanayochuruzika kwenye kitako cha tuta, naiweka juu ya jiwe itulie. Yakiwa maangavu, na wingi wake haujaongezeka, naendelea na ukaguzi. Tope likituama chini ya chupa, jua maji yanabeba udongo wa ndani na tundu linapanuka. Bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, lilikuwa la serikali, jipya, lenye wahandisi. Tarehe 5 Juni 1976 maji ya tope yalionekana asubuhi, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limebomoka. Watu 11 walikufa.

Kwa hiyo ukiona tope, kwanza waondoe walio bondeni. Fungua bomba la kutolea maji ili kina kipungue. Usizibe tundu la upande wa chini kwa mfinyanzi, maana maji yatatafuta njia nyingine. Mwaga mchanga safi, juu yake kokoto, maji yatoke na udongo ubaki. Halafu mwite mhandisi, hata kama hali imetulia.

Anayejenga sasa ajaribu udongo mapema. Tia bonge dogo kwenye glasi ya maji yaliyotulia, usikoroge. Likizungukwa na wingu la ukungu, udongo huo unayeyukia majini. Usiujengee bila ushauri wa fundi wa maabara. Udongo ushindiliwe tabaka kwa tabaka, ukiwa na unyevu. Juu panda ukoka, si miti. Mti ukifa, mizizi huoza na kuacha mirija. Mchwa, fuko na panya nao huchimba, na ng'ombe hukata njia kwenye mteremko. Zungushia uzio, birika la kunyweshea ng'ombe liwe mbali na tuta.

Wapo wanaosema lambo la mtu binafsi ni dogo mno kuua. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shamba la binafsi lilipasuka Solai, Nakuru, nchini Kenya, baada ya mvua nyingi. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wakiwa majumbani mwao.

Nenda Bodi ya Maji ya bonde lako, ueleze urefu wa tuta na nani wanaishi chini yake, uulize vibali unavyotakiwa kuwa navyo. Na kabla masika hayajaanza, andika namba za simu za kila kaya iliyo bondeni, ukubaliane nao wakimbilie kilima kipi utakapopiga usiku.