Tazama shingo kwanza, jina baadaye

Wadogo zangu wa bendi, nawapenda lakini mnanichosha. Mtu akipata hela kidogo anakuja mazoezini na gitaa jipya la umeme, na cha kwanza kunionyesha ni jina la kampuni lililoandikwa kichwani mwa gitaa. Nikimwuliza shingo imeungwaje na mwili, ananitumbulia macho. Haya, kaeni chini.

1. Jina. Squier ni jina la bei nafuu la kampuni ya Fender, Epiphone ni la kampuni ya Gibson, wala si feki. Feki ni ile iliyoandikwa Gibson na inauzwa kwa bei ya Squier. Anayeanza achukue Yamaha Pacifica, mjadala uishe.

2. Shingo ya skrubu. Fender wanaifunga hivi tangu 1950, skrubu nne tu, ikiharibika unafungua. Watu huidharau, eti sauti haidumu. Hata mimi niliidharau. Mpiga solo mmoja Mkongo, pale Kabalagala, Kampala, aliniambia Les Paul, gitaa la Gibson, inaimba muda mrefu kwa sababu shingo yake ni ya gundi. Nikarudi nyumbani, nikafungua skrubu za Strat yangu ya kuiga (mfano wa Stratocaster ya Fender), nikamimina gundi ya seremala kwenye tundu la shingo, nikaibana kwa klempu za kuazima kutoka Ndeeba. Nikalala nikiota sebene. Sauti? Ileile. Baadaye nikafunga nyuzi nene, shingo ikapinda mbele, nyuzi zikapanda juu hadi vidole vikaota sugu mpya juu ya sugu. Dawa yake ni kukaza trasi rodi, ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, pengine robo mzunguko. Sasa, kwenye gitaa lile nati ya trasi rodi ilikuwa kwenye kisigino cha shingo, pale inapoungana na mwili, imejificha mwilini, huifikii mpaka utoe shingo. Shingo niliyoigandisha mwenyewe! Fundi alichungulia, akaniangalia, "Ssebo, nani aliweka gundi hapa?" Nikamwambia nililinunua hivyo. Akahangaika na mvuke na kisu; shingo ikatoka na kipande cha mwili, rangi ikabanduka. Mpaka leo fundi yule anaamini kuna muuzaji mjinga mahali fulani.

3. Shingo ya gundi. Les Paul, tangu 1952. Tamu, sikatai. Lakini kichwa chake kimelala nyuma digrii 17, na pale kooni, kichwa kinapoanzia, mbao ni nyembamba, tena imechimbwa kupisha trasi rodi. Likianguka chali, kichwa kinakatika. Nanyi mnalipakia boda kwenye mfuko laini, Jinja Road, jioni! Kijana wetu mmoja alifika ibadani kichwa kinaning'inia kwenye nyuzi. Siku hiyo alipiga kayamba. Kasha gumu linunuliwe pamoja na gitaa.

4. Shingo inayopita mwilini. Mbao inaanzia kichwani hadi chini, mabawa yanabandikwa pembeni. Rickenbacker walitoa besi ya namna hii 1957. Wapiga sebene mtaipenda, mkono unafika freti za juu (freti ni vile vyuma vya shingoni) bila kugonga kisigino. Ila shingo ikiharibika kabisa hubadilishi shingo, unabadilisha gitaa.

5. Urefu wa nyuzi, kutoka kooni hadi darajani (pale zinapokaa mwilini): Fender milimita 648, Gibson kama 628. Mwenye vidole vifupi ajue.

Dukani, lishike gitaa kama bunduki, fumba jicho moja, tazama shingo kutoka kichwani hadi darajani kama imenyooka. Kisha bonyeza kila freti, kila uzi, taratibu. Muuzaji akianza kukuharakisha, lirudishe ukutani, panda taksi.