Maharage Kabla Hayajaungwa: Maswali Yenu Kuhusu Kula Nje

Barua za safari hii zinatoka kwa watu wa Unguja na Pemba walioacha nyama, samaki, mayai, maziwa na samli, na juu ya hayo wanataka kupunguza mafuta. Nyumbani wanajipikia wapendavyo. Taabu huanza mchana kazini, au jioni wanapotoka na familia.

Nafanya kazi karibu na Darajani na mchana nakula hoteli za hapo. Nikisema sili nyama, naletewa samaki. Nikimkataa samaki, naletewa maharage yanayoogelea mafuta. Niagize nini?

Usiseme "sili nyama" ukaishia hapo. Kwetu samaki hahesabiwi nyama, kuku kuna wanaomweka kando, na dagaa ndio hafikiriwi kabisa. Taja kimoja kimoja: "Sili nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa wala samli." Halafu uliza mawili: huu mchuzi umetiwa supu ya nyama au kidonge cha supu? Huu mchicha una dagaa?

Kuhusu mafuta, jua jinsi jikoni kunavyokwenda. Asubuhi maharage huchemshwa kwa maji na chumvi tu. Mafuta huingia mwishoni, wakati wa kuunga: kitunguu kinakaangwa, tungule (nyanya) zinafuata, maharage yanamiminwa, na pengine tui linamalizia. Bakuli la maharage yaliyochemshwa tu, gramu 200 hivi, lina mafuta yasiyozidi gramu 1 au 2. Kijiko kimoja cha kulia cha mafuta ya kupikia ni gramu 14. Kwa hiyo anayekula kalori 2,000 kwa siku na kutaka asilimia 15 tu zitoke kwenye mafuta, haki yake ya siku nzima ni gramu 33. Vijiko viwili na kidogo, basi, imekwisha.

Dawa yake ni kuwahi. Pita au piga simu kabla ya saa nne asubuhi, na zungumza na mpishi mwenyewe, maana ujumbe ukipitia kwa mhudumu hufika nusu. Mwambie: "Nitengee bakuli la maharage kabla hujayaunga." Ukija mchana, omba tungule mbichi, kitunguu, kotmiri, ndimu na pilipili, uyachanganye mezani. Yakiwa ya moto, ndimu ukaikamua mwisho, hayana upungufu wowote.

Ukichelewa na yote yameshaungwa, mwombe anayepakua asukume mafuta ya juu kwa mgongo wa upawa kisha achote chini. Utapunguza, hutayaondoa.

Na wali je? Wali mweupe mara nyingi hutiwa mafuta usishikane, basi uliza. Ugali ndio salama zaidi: maji na unga. Pilau achana nayo, hata ile inayoitwa ya mboga, kwa sababu kitunguu chake kimekaangwa kwa mafuta mengi na maji yake huenda ni supu.

Mimi ni wa Chake Chake. Nazi ni mti, si mnyama. Kwa nini mnatuambia tuihesabu kwenye mafuta?

Kwa sababu mwili unahesabu mafuta bila kuuliza yametoka wapi. Ni kweli nazi haina lehemu (kolesteroli) hata chembe, lakini karibu sehemu tisa katika kumi ya mafuta yake ni aina ile inayoweza kupandisha lehemu kwenye damu. Aliyeambiwa na daktari apunguze mafuta kwa ajili ya moyo hawezi kuiacha nje ya hesabu.

Ila nazi si kitu kimoja. Kasimele, tui zito la mkamuo wa kwanza, ndilo lenye mzigo: kikombe cha robo lita huwa na takriban gramu 50 za mafuta. Tui la pili, linalokamuliwa kwenye chicha ile ile kwa maji mapya, ni jepesi kwa mbali. Na utaratibu wetu wa kupika unakusaidia hapa, kwani muhogo, majimbi, shelisheli, ndizi mbichi na kisamvu huiva kwanza ndani ya tui jepesi au maji, kasimele likatiwa mwisho, moto ukiwa mdogo lisikatike. Anayepika akikupakulia kabla ya kasimele, unapata chakula kilekile chenye harufu ya nazi na mafuta machache sana. Kwa mapishi ya mpunga haiwezekani: wali wa nazi umeshalinywa tui lote, hakuna cha kuondoa.

Kisamvu kiulizie pia karanga. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na zikishasagwa ndani ya chungu huzioni.

Asubuhi nakunywa chai mgahawani. Chapati, maandazi, vitumbua: kipi kina afadhali?

Hakuna. Chapati hutiwa mafuta mara tatu: kwenye unga, wakati wa kuikunja, na juu ya chuma. Maandazi na vitumbua vinatiwa tui, kisha maandazi yanazama karaini na vitumbua vinaiva kwenye vishimo vya chuma chenye mafuta. Omba boflo kavu bila siagi, au mkate wa mofa wa mtama ukiupata, au muhogo wa kuchemsha na pilipili ya ndimu. Mbaazi zisizotiwa tui ni bahati, zikiwepo usiziache. Kinywaji ni chai ya rangi ya tangawizi na mdalasini, au kahawa chungu.

Jioni tunakwenda Forodhani na watoto. Kuna chochote kwa mtu kama mimi, au nikae nitazame bahari?

Kipo, tena kizuri. Anza na mahindi ya kuchoma, muhogo wa kuchoma na ndizi za kuchoma. Simama hapo hapo na useme kabla hajashika burashi: "Usinipakie mafuta, nipakie ndimu, chumvi na pilipili." Muhogo wa mkaa uliopasuliwa katikati ukamiminiwa ndimu unashibisha peke yake. Juisi ya miwa haina mafuta, ila ina sukari nyingi. Mwenye kisukari aiache.

Urojo unataka maelezo zaidi, maana una mengi ndani ya bakuli moja. Uji wake wenyewe ni unga, manjano, na uchachu wa embe mbichi, ndimu au ukwaju. Hapo mafuta ni kidogo. Yanayoharibu ni yanayotiwa juu: bajia, kachori, chipsi za muhogo, chatne ya nazi, pamoja na yai na mishkaki. Chipsi nyembamba ni mbaya kuliko bajia. Kadiri kipande kinavyokuwa chembamba ndivyo kinavyonyonya, na chipsi kavu zinaweza kuwa na mafuta hata theluthi ya uzito wake. Mafuta ya karai yakiwa hayajapata moto wa kutosha, hali huzidi, kwa sababu kitu hukaa muda mrefu ndani kikinywa.

Agiza hivi: "Nitilie urojo, mbatata za kuchemsha nyingi, bajia moja tu, usitie yai, nyama, chipsi wala chatne ya nazi. Zidisha pilipili na ndimu." Ile bajia moja tunaiacha makusudi, kwani urojo bila bajia hata kidogo unapwaya. Ukitaka kuwa mkali zaidi, ongeza mbatata mahali pake. Uliza pia kama uji umepikwa kwa maji au kwa supu.

Zanzibar pizza unaweza kufanyiwa ya mboga, bila yai, bila mayonezi, bila jibini. Itakuwa haina kitu cha mnyama ikiwa chuma hakikutiwa samli, lakini mafuta hayaepukiki. Yatazame madonge ya unga kwenye sinia yake: yamelazwa ndani ya mafuta ili yatanuke membamba bila kuchanika. Usimlaumu mpishi, bila hayo hakuna pizza. Chagua kingine.

Niliambiwa hoteli za Kihindi za Mji Mkongwe ndizo salama kwa asiyekula nyama. Ni kweli?

Kwa nyama na mayai, jiko la Kihindi lisilopika nyama ni raha tupu. Kwa maziwa, kinyume chake. Samli, mtindi, krimu na jibini la paneer vimo kila pembe, na mchuzi mweupe mzito huwa umesagiwa korosho.

Agiza dengu, na useme zisitiwe ule mkaango wa mwisho, yaani samli ya moto yenye uzile (bizari nyembamba) na thomu (kitunguu saumu) inayomiminwa juu zikiwa tayari kwenda mezani. Unaongezwa sahani kwa sahani, hivyo kuuacha hakumsumbui mtu. Mwombe mpishi akaange uzile kwenye kikaango kikavu kwa nusu dakika mpaka unukie, aunyunyize badala yake. Mkate uwe roti ya unga wa atta (ngano isiyokobolewa) na maji, isipakwe kitu. Naan iache: mara nyingi ina mtindi au maziwa ndani na samli juu. Biriani ya mboga nayo ina mtindi na vitunguu vya kukaangwa.

Naongoza wageni Nungwi na Paje, na nakula nao kwenye hoteli zao. Meza ya kujipakulia imejaa mboga lakini zote zinang'aa.

Zinang'aa kwa mafuta, ndiyo. Hata tambi zisizo na mchuzi: baada ya kuchujwa hutiwa mafuta zisigandane. Supu ya malenge ina krimu, na saladi imeshachanganywa na sosi. Chukua matunda, mboga mbichi ambazo hazijatiwa kitu na vipande vya ndimu, kisha umwombe mpishi akupikie sahani moja kwa maji. Ni kazi ya dakika chache: kitunguu kwenye kikaango cha moto bila mafuta, kikianza kushika anatia vijiko viwili vya maji, anakoroga, anarudia mpaka kilainike, halafu thomu, tangawizi, tungule, bamia au bilingani, chumvi, afunike. Bilingani hasa ndiyo ya kuipika hivi, kwa maana ikikaangwa hunyonya mafuta kama sifongo. Parachichi ni zuri, lakini gramu 100 zake zina takriban gramu 15 za mafuta, kwa hiyo robo yatosha.

Nina sukari. Mihogo na mbatata hizi zote hazitanidhuru?

Zitapandisha sukari ukizila peke yake na kwa wingi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo maharage, kunde au choroko, robo iliyobaki ndiyo muhogo au wali. Ukiwa unatumia insulini au vidonge vya sukari, mweleze daktari kabla ya kubadili chakula, kwani kipimo cha dawa huenda kikahitaji kushushwa. Na asiyekula kitu chochote cha mnyama, awe na sukari au asiwe nayo, lazima apate vitamini B12 kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa; mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na mboga za shamba hazimpi.

Mama anayetupikia hapa Wete ananuna nikimpa masharti. Nifanyeje?

Mpunguzie kazi, bibie. Masharti yanayoudhi ni yale ya saa saba mchana, foleni imejaa na chungu kimoja kimeshaungwa. Mwambie jana yake jioni, kitu kimoja, siku zile zile: mathalani Jumatatu na Jumatano kunde za kuchemsha, bakuli kubwa, na mchicha wa maji na chumvi. Lipa bei kamili, usidai upunguziwe eti hakutia nazi. Mkiwa wawili au watatu mnaotaka hivyo hivyo, agizeni pamoja, maana kutenga chungu kidogo kwa watu watatu kunamlipa na kwa mmoja hakumlipi. Na achari ya ndimu isiyotiwa mafuta chukua yako kwenye kichupa, uwe nayo mfukoni.