Kabla Hujalaumu Shinikizo, Ulizia Oksijeni

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Mkuu, olivini yangu imekaa usiku kucha kwenye gigapaskali 2 na chuma kimepungua. Mashine ina hitilafu?" Anazungumzia majaribio ya kubana na kuchoma madini ili kuiga hali za ndani ya Dunia; olivini ni madini ya magnesiamu, chuma na silika, na gigapaskali 2 ni kama mara elfu ishirini ya shinikizo la hewa.

Nilicheka, halafu roho ikaniuma. Kauli hiyohiyo niliwahi kutupiwa mbele ya watu na mkubwa mmoja wa maabara: "Shinikizo lako bovu." Halikuwa bovu hata kidogo. Niliikata kapsuli, yaani kikopo kidogo cha platinamu kinachofungia sampuli, katikati, nikaisugua mpaka ikang'aa, nikaiweka kwenye hadubini ya elektroni. Olivini ya katikati ilikuwa na chuma chake chote. Ile iliyogusana na ukuta wa platinamu ilikuwa karibu haina. Nikaupima ukuta wenyewe: chuma kimo humo. Platinamu ikipata moto hunywa chuma, na oksijeni iliyokuwa imeshikana nacho hubaki kwenye sampuli. Radhi sijaombwa mpaka leo, lakini tuyaache.

Wengi wetu tunahangaikia shinikizo na joto, oksijeni tunaiachia bahati. Hilo ni kosa, ndugu zangu. Chuma kikibanwa vilevile, kwa joto lilelile, bado oksijeni ndiyo itakayoamua kibaki metali, au kiwe oksidi ya chuma: wustaiti, magnetaiti au hematiti.

Ushauri wangu ni bafa, yaani mchanganyiko unaoshikilia kiwango cha oksijeni pale pale. Mbinu ya kapsuli mbili aliileta Hans Eugster mwaka 1957, na sijaona sababu ya kuikwepa. Sampuli na maji kidogo hukaa kwenye kapsuli ya ndani. Ya nje hubeba nikeli, oksidi ya nikeli na maji. Hidrojeni hupenya ukuta wa platinamu, oksijeni haipenyi, kwa hiyo hidrojeni, ambayo kupitia maji hufungamana na oksijeni, ndiyo inayosawazisha hali ya pande mbili. Ukimaliza, fungua ya nje uchungulie: unga wa kijani wa oksidi na punje za kijivu za nikeli lazima viwepo vyote viwili. Kimoja kikiisha, bafa imekufa, na namba ulizoandika usizitetee kwa mtu.

Kama maji huyataki, weka grafiti kati ya sampuli na platinamu. Chuma hakitaibiwa, ila oksijeni itakuwa chini, kwa hiyo usitegemee kupata chuma cha chaji tatu (kilichopoteza elektroni tatu badala ya mbili) kwa wingi.

Ukishuka kwenye hali za chini ya kilomita 660 za Dunia, mambo hugeuka. Brijimanaiti, madini makuu ya kina hicho, ikiwa na alumini hupenda mno chuma cha chaji tatu, hivyo chuma cha chaji mbili hujigawa: sehemu huingia kwenye fuwele kikiwa na chaji tatu, sehemu hutoka kama metali, bila oksijeni kuongezwa wala kupunguzwa. Kwa hiyo ukikuta vipunje vya chuma kwenye sampuli ya gigapaskali 25, usikimbilie kusema oksijeni ilikuwa haba. Pima kwanza chuma cha chaji tatu kilichomo ndani ya brijimanaiti.